Saladi za Mama Mabomba

"Kwani nani amekuomba ushauri?" Mama Mabomba aliuliza, mikono kiunoni. "Shughulika na hizo ndoo zako za kuogea."

"Za kuogea lakini zinanilisha," Bwana Ndoo akajibu, wala hakuinua kichwa. "Wewe endelea kuchemsha supu kwenye tangi lako. Ikiiva utuite."

Tuliokuwa tunaanika nguo juu ya paa tulicheka mpaka vibanio vikatuponyoka. Nyumba yetu ina wapangaji wengi na burudani moja, nayo ni hawa majirani wawili. Wote wanalima mboga pale pale juu bila hata kiganja cha udongo, chakula cha mmea kikiwa kimekorogwa ndani ya maji. Ungedhani wangependana. Wapi.

Bwana Ndoo, fundi mstaafu wa mafriji, kila mmea kaupa ndoo yake: juu makumbi ya nazi, chini maji, katikati utambi wa fulana kuukuu unaoyavuta taratibu. Pembeni ana beseni pana ambamo mboga zinaelea juu ya ile sponji nyeupe ngumu ya kufungashia friji, mizizi ikining'inia majini. Hana pampu, hana waya. Mama Mabomba yeye amepanga mabomba meupe yenye mteremko. Pampu inapandisha maji kutoka tangi jeusi, yanapita kwenye mizizi yakiwa membamba kama utepe, yanarudi tangini, yanapandishwa tena. Saladi zake zilikua upesi kuliko habari zinavyopanda ngazi zetu, na kila asubuhi alikuwa anamkumbusha jirani yake kwamba mboga za ndoo zinaota kama nywele kwenye kipara.

Lakini siku hiyo hakuwa na raha ya kugombana. Alasiri alikuwa anakuja mpishi wa hoteli kutazama saladi. Akizipenda, angezichukua kila wiki. Asipozipenda, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alishasema: aache kuhangaika na mabomba, ahamie kwao. Sote tulijua maana ya kuhamia kwao. Angepewa godoro karibu na jiko, awaoshee vyombo watoto wanaomwita mama mkubwa na kumtuma kama kijakazi. Na kushona, kazi aliyoifanya maisha yake yote, kulishamshinda. Macho hayaoni tena tundu la sindano.

Ndipo umeme ukakatika.

Pampu ilinyamaza ghafla, kama wambea wanavyonyamaza anayesemwa akitokea. Tulidhani utarudi. Jua likapanda, haukurudi. Ndani ya mabomba hayakubaki maji ila unyevunyevu, na majani ya pembeni yakaanza kulegea. Mama Mabomba alishika jagi, akawa anamimina maji kwenye bomba la juu, anakimbia kuyakinga chini, anarudi tena juu. Nikaacha nguo zangu kwenye beseni. Dada wa saluni akaja na sufuria, dereva wa chumba cha nyuma akaja na kidumu. Tukajipanga, huyu anachota, huyu anapokea, huyu anamimina. Mwanzoni tulitaniana. Baadaye hakuna aliyekuwa na pumzi ya utani.

"Haya maji mbona ya moto hivi?" dada wa saluni akauliza.

Tukazidi kumimina. Tulikuwa tunatazama majani.

Bwana Ndoo alikuwa kwenye kigoda chake, anatuangalia tu. Nikamsogelea Mama Mabomba nikamnong'oneza, "Muombe beseni. Zikielea mle hazitaki umeme."

"Nimuombe yule? Atanicheka mpaka kiama."

"Acheke. Kwa shemeji yako kuna kicheko gani?"

Alisimama na jagi lake, jasho linamtoka mpaka kidevuni. Kisha akaenda, akapiga magoti kabisa juu ya zege lile la moto. "Mzee wangu, nimeshindwa. Nisaidie beseni lako, leo tu."

Hatukuwahi kumsikia akimwita hivyo bila kejeli. Bwana Ndoo aliinuka haraka akamshika mkono. "Inuka, mama. Inuka, watu wanaona."

Akaenda kwenye bomba, akachomoa mche mmoja, akaugeuza. Mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza kama kamasi, na harufu yake ilitufanya turudi nyuma.

"Imeoza," akasema. "Maji yakipata moto mizizi haipumui. Na kwako maji ni mamoja. Akiumwa mmoja, wote wamenywea kikombe chake."

"Ulijua?"

"Si nilikwambia? Wiki nzima nakwambia. Tangi jeusi, jua lote hili, lifunike."

"Hukuniambia lifunike," Mama Mabomba akasema. "Uliniambia nachemsha supu."

Bwana Ndoo akauweka ule mche chini. Sisi wa kamba za nguo tukatazamana. Sote tulikuwa tumeisikia hiyo supu, na sote tulikuwa tumeicheka.

"Beseni siwezi," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nikizitia mle, zangu nazo zinakwenda. Kesho tutalia wawili."

Mama Mabomba hakubisha. Alikaa chini palepale, akawa anaziangalia saladi zake zikilala moja moja.

Basi yule mzee akaenda kwenye ndoo zake akaanza kung'oa. Mchicha wake uliobakiza kidogo tu uvunwe aliuvuta na mizizi, ndoo baada ya ndoo, akimrushia mkewe aliyepanda na karai. "Huku kila mmoja anakunywa chake," alisema. "Wa kufa atakufa peke yake. Leta mkasi wako wa kushonea, kata palipooza."

Mama Mabomba alikata. Hakuwa anaona vizuri, kwa hiyo alipapasa kwa vidole, pagumu anapaacha, panapoteleza anakata. Sisi nyuma yake tukaipanda miche ndooni. Michache ilibaki na mizizi ya kutosha. Mingi ilimeguka mikononi mwetu.

Mpishi alikuja viatu vinang'aa, mtu wa adabu, akasalimia kila mtu. Alipita kati ya ndoo, akainua jani moja. Likamlalia kidoleni kama kitambaa kilicholowa.

"Zitasimama, kaka," Mama Mabomba alisema. "Zikinywa usiku kucha zitasimama. Njoo kesho."

"Dada yangu, wageni wangu wanakula leo." Akakifuta kidole kwa leso. "Mimi ni mpishi, si muuguzi."

Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliuma zaidi. Tulisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi mpaka mlango wa chini ukafungwa.

Umeme ukarudi. Pampu ikaanza kunguruma, ikipeleka maji kwenye mabomba matupu, na hakuna aliyekwenda kuizima. Mmoja mmoja tukaanza kukumbuka nguo zetu. Mama Mabomba alitoa simu akalitafuta jina la shemeji yake, akiisogeza karibu na macho na kuiweka mbali. Alipolipata hakubonyeza. Alikaa hivyo hivyo, simu mkononi, vidole vyeusi kwa uchafu wa mizizi.

Mke wa Bwana Ndoo akatokea mlangoni mwa ngazi, mwiko bado mkononi.

"Mwenzangu, mume wangu kang'oa shamba zima, mchicha umejaa masufuria yote niliyonayo," alisema. "Iweke hiyo simu. Nawa mikono, uingie ndani ule."