Viti Vimewekwa Kilangoni

Mama Viti alikuwa ameinama uani akisugua tope la arusi ya jana kwenye viti vya plastiki, na hasira zake zote alizimalizia kwenye tambara. Kukodisha viti ndiyo kazi yake: arusi viti, msiba viti, mkutano viti. Siku hiyo mteja alikuwa halmashauri, na mkutano wenyewe ulihusu mbuga iliyo nyuma ya nyumba yake.

Mbuga hiyo ya nyasi imehifadhiwa kwa ajili ya ndege wanaotaga chini, na sasa halmashauri ilikuwa inapanga wananchi waingieje. Mpango ulikuwa lango moja tu, la upande wa barabara kuu, lenye maegesho ya magari. Kile kilango cha chuma cha upande wa mtaani kilikuwa kimeshatiwa kufuli, na kingezibwa kwa ukuta. Sababu waliyotoa ni kwamba hakitumiki. Hakitumiki! Watoto wa mtaa ule karibu wote walijifunzia kutembea mbugani, wakipitia hapo hapo.

Na si watoto tu. Mumewe, Fundi, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika mguu, na daktari akamwambia dawa iliyobaki ni kutembea. Atembee wapi? Barabarani malori yanakwaruza kuta za watu. Mbugani, kwenye ardhi laini, alianza na mikongojo miwili akabaki na mmoja. Tangu kufuli litiwe anashinda kitandani, na mguu umeanza kukakamaa tena. Kila asubuhi hujifanya amelala ili asiulizwe, na jambo hilo lilimuuma mkewe kuliko alivyoweza kusema.

Mratibu wa mkutano, bwana mwenye simu mbili na subira hana hata chembe, alikuwa ameombwa gari la kubebea viti. Alijibu kwamba gari hakuna, ajitegemee, na asubuhi hiyo hiyo viti viwe langoni, kule barabara kuu.

Basi Mama Viti akapakia mkokoteni, akausukuma na shemeji yake mpaka njia panda. Hapo askari wa barabarani akawasimamisha. Mikokoteni hairuhusiwi barabara kuu. Mama Viti akamuuliza, na waenda kwa miguu je? Askari akasema hao nao pembeni hakuna pa kupita, watagongwa bure.

Mama Viti akabaki ameshika mpini. Kisha akaanza kucheka peke yake, mpaka shemeji akamuuliza kama yuko salama.

"Geuza, shemeji," akasema. "Tunakwenda kilangoni."

Shemeji akamkumbusha kwamba halmashauri ni mteja mnono, akiwaudhi hawatamwita tena. Alilijua hilo, na njia nzima alikuwa akipiga hesabu ya hasara. Lakini kiti cha kwanza alikiweka mwenyewe mbele ya kilango, akaenda kumtoa Fundi kitandani, akamkalisha.

Watu wa mtaa walikuwa wameshasusa mkutano wa huko mbali. Walipoona viti, wakaja. Wafuaji walikuja na povu mikononi, mshona viatu akaja na nyundo yake, na wenye kuchelewa wakagombania vya mbele.

Mratibu akampigia Mama Viti simu akifoka, akaambiwa viti na watu wote wako kilangoni. Huko langoni walikuwa na meza, kipaza sauti na kamati nzima, ila mwananchi hata wa dawa hakuna, na bila wananchi mkutano si halali. Kuzunguka kwa gari, kwa foleni ile, wangefika jioni. Mlinzi wa mbuga akawaambia ipo njia ya mkato, na ufunguo anao yeye.

Wakatokea nyasini mmoja nyuma ya mwingine, suti zimejaa vishona nguo, zile mbegu za porini zinazonasa. Mlinzi akafungua kufuli, na kamati yote ikapita kwenye kilango kisichotumika. Mtaa ukaangua kicheko.

"Nani kakwambia uweke viti hapa?" mratibu akauliza.

"Barabara yenu, bwana. Mkokoteni umekatazwa, na wa miguu hana pa kukanyaga. Kama viti vyangu vimeshindwa kufika, mlitaka watu wafikeje?"

Kabla mratibu hajajibu, mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo, alimuuliza mratibu huyo kama amewahi kwenda langoni kwa miguu. Hakuwahi. Mwenyekiti akavuta kiti, akakaa, akawa anachambua vishona nguo kwenye sketi huku akisikiliza. Mtaalamu wa ndege aliyekuja na kamati akasema hofu yake ni moja, watu wakitawanyika watakanyaga mayai. Fundi akasimama kwa mkongojo wake.

"Nipeni njia ya ukingoni, kando ya uzio," akasema. "Ndege wakilalia mayai, fungeni. Nitawasubiri. Mimi mguu wangu nimeusubiri miezi."

Mtaalamu akasema ya ukingoni haina madhara. Mwenyekiti akaitisha mikono, ikapanda yote, hata ya povu. Kilango kinabaki wazi, na ukuta haujengwi. Mama Viti alilia mbele za watu na wala hakujificha.

Watu walipotawanyika, mratibu, bado amekalia kiti, alimnong'oneza Mama Viti kwamba halmashauri haitampa kazi tena.

"Haya, baba," akamjibu. "Inuka basi, nikipakie kiti changu."

Akainuka. Gari lake lilikuwa kule barabara kuu, na njia ilikuwa ile ile, kupitia kilangoni. Ilikuwa nyembamba, Fundi alikuwa ameshatangulia na mkongojo wake, na Fundi hakuwa na haraka yoyote.