Treni ya Alfajiri Haibebi Wazee

Mshonaji alipanda treni ya alfajiri amevaa koti la kiwanda, akiwa na miaka thelathini na kipande cha mkate mdomoni. Behewa lilijaa vijana watupu: wauguzi, walinzi, mafundi. Treni ilipovuka daraja, wakaanza kuzeeka kama kawaida. Fundi bomba aliota mvi huku anapiga soga. Muuguzi akatoa miwani, maana simu ilishaanza kumpotea machoni. Jioni wangerudishiwa ujana wao, kasoro kidogo, na nani wa kumuuliza?

Mshonaji alikaa, akasimama, akakaa tena. Siku hizi alizeeka haraka kuliko wenzake, na kiwandani alishapewa onyo la mwisho. Akichelewa tena, kazi imeota mbawa, na nyumbani kuna mtoto na mama wanaomtegemea yeye tu.

Kondakta akafika, akamtazama usoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Usiniambie unanishusha!"

"Wazee wanasafiri mchana. Asubuhi ni ya wafanyakazi."

"Jana si uliniita dada?"

"Jana ulikuwa dada."

Akamshika mkono kwa heshima zote, akamshusha kituo kilichofuata. Shirika la reli lilikuwa limeweka benchi pale kwa ajili ya wanaoshushwa. Tusiwanyime haki yao, benchi ni zuri. Lakini mshonaji hakuweza kulikalia. Alizunguka jukwaa zima, magoti yakilalamika, roho juu.

Mchana ikaja treni ya wazee, ile inayopunguza miaka. Kondakta wa treni hiyo hakuangalia uso, aliangalia kitambulisho.

"Hapa umeandikwa kijana. Hii ni ya wazee."

"We baba, huna macho?"

"Ninayo. Ndiyo nasoma."

Mama yake mshonaji alichungulia dirishani mwa treni hiyo. Alikuwa anakwenda kliniki kutibiwa miguu, na miguu ilishapona njiani, kama kila wiki, kwa hiyo daktari hajawahi kumkuta anaumwa. Sasa alikuwa msichana mbichi, nywele nyeusi tii.

"Wamekushusha, mwanangu?"

"Wamenishusha. Kazi ndiyo basi tena, mama."

"Nipe hilo koti."

Msimamizi wa kiwanda alikuwa ameshamfukuza mshonaji, na cherehani yake ilikuwa wazi. Mama akaingia na lile koti; msimamizi akaona msichana mwenye vidole vyepesi, akamwajiri papo hapo. Mama akaiacha treni ya kuwarudishia wazee miaka yao, akarudi na ya jioni, kijana vilevile. Mshonaji, ambaye hakuna treni iliyomkubali, alirudi kwa miguu, amechoka hoi, na uzee wake wote. Aliona aibu, aliona na wivu, kisha akampikia mama yake chai.

Kesho yake alfajiri mtoto aliamka na kumwona mwanamke kijana akitoka mbio, amevaa lile koti. Akamgeukia aliyebaki.

"Bibi, mama ameenda kazini?"

Mshonaji alimfunga vifungo vya shati.

"Ameenda."

"Atarudi saa ngapi?"

"Jioni," akasema. "Utakuwa umeshalala."