Chumba cha Magunia

Chebet alikuwa aanze shule Januari, kwa hiyo Desemba yote nilikuwa nimeipangia kazi. Nilitaka ajue kushika penseli, kufunga kamba za viatu na kuandika jina lake. Mimi jina langu nilijifunza kuliandika nikiwa mtu mzima, katika darasa la jioni, yeye akiwa mgongoni. Sikutaka apitie njia hiyo.

Tulianza vizuri. Tuliandika kwa makaa kwenye saruji ya veranda. Siku moja aliandika herufi ya kwanza ya jina lake ikiangalia nyuma, akacheka sana. "Mama, hii imeninunia!"

Kisha mahindi yakafika kutoka shamba letu la Moi's Bridge. Stoo yetu hapa Kimumu ilikuwa imevunjwa na wezi msimu uliopita, kwa hiyo mume wangu, Kipkoech, aliyapanga magunia ndani ya chumba cha Chebet mpaka karibu na dari. Mtoto alifurahi kupata mlima wa kupanda. Kipkoech akatia kati ya magunia vidonge vya kuua dumuzi wanaotoboa mahindi, akafunika kwa turubai.

"Msifungue dirisha," akasema. "Hewa ikiingia, dawa inaisha nguvu."

"Na mtoto?"

"Kwani mtoto ni dumuzi, Mama Chebet? Turubai imeshika."

Asubuhi nilikuta panya wamekufa karibu na mlango. Nilimshukuru Mungu, kwa maana walikuwa wametuhangaisha. Chebet akasema chumba kinanuka samaki waliooza. Nilimwambia ni hao panya, nikapiga deki.

Alikataa chai. Nilipomwonyesha herufi, alisema kichwa kinamuuma, akalala juu ya kitabu. Nikamkemea. "Shule itafunguliwa na wewe umelala?" Jioni alitapika. Nilidhani ni minyoo. Nilimpa dawa, nikamrudisha kitandani kwake na kumfunika vizuri asipate baridi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Akina mama wa fellowship ya kanisa letu walikuwa waje kuombea sare yake, kama tunavyofanya kwa kila mtoto anayeanza shule. Sare hutandikwa juu ya kitanda cha mtoto, mlango hufungwa, na hakuna anayetoka kabla ya amina ya mwisho. Lakini Chebet alikuwa bado kitandani, amelegea, kwa hiyo tuliitandika sare juu yake.

Christabel, kiongozi wetu, alisimama katikati ya chumba akavuta pumzi. "Hapa pana kitu," akasema. "Kitu hakitaki huyu mtoto asome."

Tukaanza kuomba. Waithira, mwenye duka la jirani, akakohoa, akashika paji la uso. "Wee, kichwa changu kinapasuka."

"Ni pingamizi hiyo! Ombeni, msilegee!"

Tukapaza sauti. Kadiri tulivyoomba ndivyo kifua changu kilivyobana, nami niliamini kabisa kwamba tunashindana na adui wa masomo ya mtoto wangu. Niliomba kwa nguvu zangu zote. Niliomba ajue kusoma hata kuliko mwalimu wake. Ghafla Waithira akapiga magoti, akatapika kando ya turubai. Alipanguza mdomo akaitazama ile turubai.

"Mama Chebet," akasema polepole, "mmeweka dawa ya mahindi humu?"

Nikaukimbilia mlango. Christabel akanishika mkono. "Hatujasema amina! Ukikatiza sasa, kitamrudia mara saba!"

Nilisimama. Huyu ndiye aliyenifundisha kuomba, na sikuwa nimewahi kumbishia. Nyuma yangu Chebet akavuta pumzi moja ndefu. Nikangoja ya pili. Haikuja upesi.

Nilimsukuma Christabel akaangukia magunia. Nikafungua mlango kwa teke, nikambeba mtoto mpaka nje, sare ikiburutika. Waithira, huku akipepesuka, alimwita mumewe Muigai alete pikapu.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Kipkoech alifika na buti za shamba, akakwama mlangoni.

"Daktari, shule itamkuta amepona?"

"Mzee, sumu hii haina dawa ya kuiondoa. Tunausaidia moyo tu." Daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Shule tutaizungumza akifika asubuhi."

Kipkoech akakaa chini sakafuni. Nilitia mkono chini ya blanketi, nikashika mguu wa Chebet. Ulikuwa baridi. Nikaanza kuomba, na sikufumba macho, kwa sababu nilikuwa nakitazama kifua chake.