Jike wa Kumi na Saba

Ujumbe uliingia saa tatu asubuhi, Verna akiwa bado anapuliza kahawa: jike wa kumi na saba hajatikisika kwa saa sita nzima. Kwa kola ya redio iliyofungwa shingoni mwa muzi, yule kulungu wa kaskazini mkubwa kama farasi, kutotikisika saa sita ni kufa. Kola haijui usingizi.

Verna alisonya. Miaka tisa sasa amewafuata muzi wa ardhi ya kabila lake, huku kaskazini mwa Ziwa Kuu la Amerika, akiandika walipolala, walipokula, na joto lilikuwa nyuzi ngapi. Majike ishirini walivishwa kola, wamebaki sita. Wa kumi na saba ndiye pekee aliyezaa kiangazi hiki akabaki na ndama. Akienda yeye, ndama hataiona theluji.

Leland, mdogo wa marehemu mumewe, alikwisha kaa garini na boksi la barafu mapajani. Mashemeji wa Kiojibwe, kabila lao, hutaniana mpaka makaburini, na hawa wawili walikwisha zika watu wa kutosha kuijua njia.

"Shemeji, umejipaka dawa ya mbu, au leo unatafuta wachumba?" Leland aliuliza.

"Mbu nao wana macho. Ndiyo maana wewe hawakugusi."

Redio ya gari ikasema joto litafika nyuzi thelathini na tatu. Hapo Leland akaacha mzaha. Akasema wangoje jioni. Siku kama hii hata mbwa wake hukojoa mlangoni. Verna akamjibu kwamba kwa joto hilo mzoga utakuwa umeharibika kabla ya saa nane, na nyama iliyooza haimwambii mtu imeuawa na nini. Maabara wanataka damu, ini na ubongo. Akawasha gari.

Walipoishiwa barabara walitembea kwenye misonobari iliyonyamaza kama watu waliosikia jina lao likitajwa polisi. Hapakuwa na ndege. Kulia kwao mlima mzima ulikuwa mtupu, wakata magogo walipita juzijuzi, na joto lilishuka kutoka huko kama mtu amefungua tanuri.

Zilipobaki mita mia mbili, kwenye ukingo wa kinamasi cha mierezi, wakaanza kelele kama siku zote. Penye mzoga wa muzi pana dubu au mbwa mwitu mezani, na mgeni mwenye akili hupiga hodi kwa nguvu. Leland alipiga sufuria. Verna aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti iliyowahi kumtoa kwaya.

Kisha kinamasi kikasimama.

Tope lilimwagika mbavuni mwa jike wa kumi na saba, ulimi uko nje. Hakuwa amekufa. Alikuwa amezama mpaka shingoni ndani ya maji meusi, baridi, ametulia makusudi, kwa kuwa siku hiyo kupumua tu kulikuwa kazi tosha. Verna akaitazama simu. Chini ya habari ya kifo palikuwa na mstari wa pili ambao haraka haikumpa nafasi ya kuusoma: joto la kola, nyuzi kumi na mbili. Maiti gani ya kiangazi ina ubaridi wa kisima?

Jike alilaza masikio. Angewakanyaga ingekuwa afadhali. Lakini alimsukuma ndama wake mbele, wakakimbilia upande pekee usio na kelele: juu, kwenye mlima mtupu.

Kumfuata kulikuwa kumkimbiza zaidi. Walirudi garini, wakakaa milango wazi, pasipo utani. Kwenye ramani nukta ilipanda, ikapanda, ikakwama katikati ya mlima. Saa saba kola ilisoma nyuzi thelathini na tano. Saa tisa, thelathini na tisa. Saa moja jioni, jua likiwa bado juu, ujumbe ukaja, na safari hii Verna aliisoma mistari yote miwili.

Walimkuta amekunja magoti kati ya visiki. Leland aliweka tumbaku chini, sadaka ya kumuaga mnyama, kama ipasavyo. Ndama alikuwa amesimama kwenye kipande cha kivuli cha mama yake, akiwatazama.

"Kimbia, mjinga wewe," Verna alimwambia polepole. Hakukimbia.

Simu ikatetemeka. Jike wa tisa, bonde la pili, saa sita bila kutikisika. Leland akainuka, lakini Verna alibaki amechuchumaa.

"Tungoje kupoe," alisema.

"Na kama kweli amekufa, shemeji?"

"Basi ataoza."

"Tutawaambia nini maabara?"

"Waambie shemeji yako amezeeka, miguu haiendi."

Leland akaketi tena. Verna akachomoa kisu, kwa sababu kazi ya huyu ilikuwepo, akapasua chini ya mbavu na kuingiza mkono. Aliutoa haraka. Ndani mle mlikuwa bado mnachoma.