Bendera Nyekundu Juu ya Mapovu

…na bado haigeuki, labda ni mng'ao wa maji, asubuhi jua likichomoza upande wa Burundi ziwa lote linawaka kama bati jipya na mtu aliye usukani haoni mbele, ndiyo, ni mng'ao tu, Olive alijiambia, akakaza macho kwenye ile boti inayotoka upande wa Makobola, pua yake imeelekea hapa hapa alipokaa yeye ndani ya mtumbwi, kamba mkononi, na karibu naye bidoni la manjano, dumu tupu, linaelea limebeba fimbo ya mwanzi na bendera nyekundu yenye mstari mweupe, bendera inayosema chini yangu kuna watu, na watu wenyewe ni Michée, mume wake, na Nizigama, mzamiaji aliyevuka kutoka Bujumbura, wako huko gizani na mitungi ya hewa mgongoni wakiitafuta boti ya abiria iliyozama na watu wake, na alama pekee kwamba wanapumua bado ni haya mapovu yanayopanda na kupasuka, mafungu mawili, moja kubwa la Michée ambaye hata usingizini hupumua kama ng'ombe, jingine dogo la Nizigama… yapo yote mawili, tazama tena, yapo, na boti je, boti bado inakuja, mlio wa motere sasa anausikia kwenye mbao za mtumbwi, chini ya makalio, mlio unatangulia majini kabla ya hewani, kwa hiyo na wao huko chini wanausikia, Michée aliwahi kumwambia kwamba chini ya maji motere haina upande, inalia kutoka kila mahali, hujui kama iko mbali au iko juu ya kichwa chako, unabaki tu kumtegemea yule uliyemwacha juu, na aliyeachwa juu ni mimi, Mungu wangu, ni mimi.

Aliwaeleza makapiteni, hakuna anayeweza kusema hakuwaeleza, aliwakusanya ufukweni Kalundu mbele ya chifu wa mtaa, akainua bendera akasema mukiiona hii muzunguke mbali, mupunguze motere, kwa sababu mtu akitoka chini haoni kinachopita juu, na wao wakacheka, mmoja akauliza kama ni bendera ya chama kipya kinachotafuta kura, akina mama wanaouza ndagala, dagaa wa ziwani, nao wakacheka, Olive akacheka pamoja nao ili wasichoke kumsikiliza, kisha akamwomba Nizigama aseme yaliyompata binamu yake Havyarimana, na Nizigama akasema kwa sauti ya chini tu kwamba walikuwa wakivua samaki wa rangi, wale wadogo wanaopelekwa Ulaya kuwekwa ndani ya vioo, bila bendera, bila mtu juu, na Havyarimana akapanda kupumua boti ikiwa inapita, helisi, pangaboi la motere, ikamkata bega, akaishi, lakini mkono ule hauinuki tena hata kufanya ishara ya msalaba… hapo kicheko kilikufa, na aliyesimama wa kwanza kuahidi alikuwa kaka yake mwenyewe, Jean-Marie, alisema mbele ya wote kwamba bendera ya mudogo wake ataiheshimu kama taa ya kanisani, na wengine wakaitikia, maana Jean-Marie akisema jambo ufukweni linasikika, basi kwa nini leo huyu haigeuzi, ni nani huyu, ni mgeni kutoka mji wa Baraka ambaye hakuwapo siku ile, amepakia nini, magunia ya unga mpaka juu, pengine magunia yanamziba…

Akasimama, mtumbwi ukayumba, akapiga filimbi, akapunga kitenge juu ya kichwa, na alipokuwa akipunga upepo ukakigeuza kitambaa cha kivuli kilichofungwa nyuma ya boti, akakitambua, kile chenye picha ya Bikira Maria, alikishona yeye mwenyewe kwa cherehani ya marehemu mama, akashusha kitenge, ni yaya, kaka yangu Jean-Marie, asante Yesu, ni yaya tu, huyu atageuka, anaijua bendera, anajua Michée yuko chini, jana jioni alikuja nyumbani akala ugali na ndagala akauliza watazama wapi na saa ngapi, na Michée akamweleza yote, akamchorea kwa kidole mezani, hapa ndipo boti ilipozama, hapa tutashukia, na yaya akatazama mchoro ule wa maji ya kunawa mpaka ukakauka, halafu akaaga bila kumaliza chai… atageuka sasa. Sasa. Mbona hageuki. Filimbi tena. Mapovu yako wapi, yapo, yamesogea kidogo kuelekea Kalundu, na la Nizigama limekuwa dogo zaidi, mtungi wake haukujaa vizuri asubuhi, alisema mwenyewe kwamba atatangulia kupanda, kwa hiyo wakati wowote kichwa chake kitatokea hapa juu, katikati ya njia ile, na Olive akaivuta kamba mivuto mifupi mifupi, alama yao ya bakini chini, akangoja jibu, kamba ikakaa kimya, akavuta tena, ikavutwa kidogo, wamesikia, lakini watabaki chini kwa hewa gani, kwa muda gani…

Sasa boti imekuwa kubwa, anaziona mbao zake, na kwenye ubavu wa pua kuna mbao mpya, nyeupe bado, rangi ya buluu imepakwa juu juu tu, na hili nalo alikuwa analijua, boti ya yaya ilikaa juu ya mchanga baada ya msiba wa ile boti kuzama, yeye akisema motere inangoja kipande kutoka Bujumbura, na hakuna aliyeshangaa, nani anashangaa motere ikiharibika, lakini motere iko nyuma, yaya, motere haikai kwenye pua, mbao za pua zilivunjwa na nini… na hapo sauti ya Marie-Rose ikamjia, Marie-Rose aliyetoka hai kwenye boti iliyozama, aliyelala hospitalini akikataa kula, akisema haikuwa upepo, kitu kilitugonga ubavuni, kitu chenye motere, kilitugonga kikaenda, na makapiteni wakasema maskini, maji yamemwingia kichwani, na aliyesema hivyo kwa upole kuliko wote alikuwa Jean-Marie, tena ndiye aliyeingia majini kesho yake kuwatoa wafu, ndiye aliyelibeba jeneza la mtoto wa Marie-Rose huku analia, machozi ya kweli, Olive aliyaona, mtu halii vile kwa uongo, au pengine mtu hulia vile hasa kwa sababu… nyamaza, Olive, ni kaka yako, alikubeba mgongoni kuvuka Mulongwe mto ulipofurika, nyamaza. Na familia za waliozama zilipoomba wazamiaji washuke waone boti ilipasukaje, nani alisema afadhali wafu waachwe wapumzike? Yeye. Wote wakasema ana moyo wa huruma.

Angeweza kupiga kasia akaondoka, mkono wake ulikuwa umeshalishika kasia, mwili una akili yake, mwili unataka kuishi, mtumbwi ukienda pembeni boti itapita na itabaki bendera peke yake, kitambaa juu ya bidoni, kesho watasema ni mng'ao wa maji, na yeye mwenyewe angewasaidia kusema, maana ndiyo maneno aliyokuwa akijiambia muda mfupi tu uliopita… akapiga kasia, si kwenda pembeni, akaenda mbele, mpaka juu ya mapovu, mpaka akayasikia yakigonga mbao chini ya miguu yake, akasimama wima hapo, bila filimbi, bila kupunga, mikono chini, uso wake kwenye uso wa yule aliye usukani, kama ni kupita basi upite hapa, uanze na mtoto wa mama yako, na akamwona, anamwona kabisa, hakuna mng'ao wowote, jua liko kwenye shavu lake si machoni, Jean-Marie anamtazama, na kwa muda ambao hataweza kamwe kumsimulia mtu, uso ule haukuwa wa mtu anayemfahamu.

Motere ikashuka. Boti ikapinda, ikapita karibu kiasi cha kusikia harufu ya petroli, wimbi likauinua mtumbwi likautupa, Olive akaanguka magotini lakini kamba hakuiachia, bidoni likalala na bendera ikanywa maji, kisha ikainuka taratibu. Abiria wachache waliolala juu ya magunia wakaamka wakilalamika. Boti ikasimama pale mbele, motere ikiguruma polepole, Jean-Marie akageuka kwenye kiti chake, na sauti yake ilikuwa ileile ya jana mezani.

"Mudogo wangu, weye unasimama njiani ju ya nini?"

Akatazama mapovu kwanza, yapo, mafungu mawili, la dogo ni dogo sana lakini lipo, na moyoni bado kuna kipande kilichokuwa kinaomba, sema neno moja tu yaya, uliza kama ni wazima, ukiuliza hilo minye mudogo wako nitasahau mbao, nitasahau Marie-Rose, nitaapa hata kanisani kwamba ilikuwa ni jua…

"Bamesha ona kitu?" akauliza Jean-Marie.

Si kama wako salama. Si kama hewa ingali inatosha. Kile kipande moyoni kikanyamaza, na wakati uleule kamba ikakaza kiganjani mwake, mvuto mmoja mrefu, wa pole, kutoka chini kabisa, alama waliyokubaliana asubuhi ya kusema boti tumeiona, na Olive akafunga ngumi juu ya kamba ili mvuto usionekane, akainua uso.

"Bado, yaya."

Jean-Marie akatikisa kichwa taratibu, akatazama bendera, akatazama ufukwe wa Kalundu ambako watu walikuwa wadogo kama kuku, akasema basi iko na muda, ataikala hapa abangojee, na hakuzima motere. Watapanda, hawana budi kupanda, wapande ubavu huu wa mtumbwi, upande wa Kalundu, washike mbao hizi nami nikae katikati yao na yeye, akiguruma minye sitatoka, akilia sitatoka, akiniita jina la utotoni sitatoka, na tukifika ufukweni nitasema yote, nianzie kwa Marie-Rose… boti inaguruma, bendera inavuja maji, mapovu yanapasuka chini ya miguu yake, na Olive, macho yakiwa kwa kaka yake, akaivuta kamba mara moja, mvuto mrefu, kuwaambia walio chini kwamba amesikia.