Mjumbe Hakalishi Mtu

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake, huu ni mwaka wa thelathini na moja, na nikikuambia kaa, utakaa. Madaktari wanakaa. Mkurugenzi wa hospitali alikuja siku moja kukagua vitanda, nikamwambia asubiri pale kwenye kiti nimalize kugawa dawa, akasubiri. Sijisifu, ndivyo nilivyoumbwa. Kwa hiyo siku ya kwanza niliposimama jukwaani nikamwambia mwenzangu akae, naye akakaa, sikuona kosa langu liko wapi.

Kufika kwangu jukwaani ni kazi ya binti yangu. Nilikuwa na likizo ya mwezi mzima, ya kwanza kuichukua yote tangu niajiriwe, na wiki moja haijaisha nilishapaka rangi jikoni mara mbili. "Mama," akasema, "ukishika hiyo brashi tena, mimi nahama." Akaniandikisha shule ya maigizo ya kiangazi. Wiki tatu, nje, kwenye machimbo ya zamani ya mawe nyuma ya chuo cha ualimu, na somo ni tamthilia za Wagiriki wa kale. Nikamuuliza, mimi na Wagiriki wapi na wapi? Akasema hajui, ila nitakuwa nje ya nyumba na hilo linamtosha.

Kuna jambo hakulitaja, na wote wawili tulilijua. Nilikuwa napaka rangi kwa sababu dada yangu hakuwa amezungumza nami kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Dada yangu wa pekee, tumenyonya ziwa moja. Nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, anipigie simu, hata kama ni ya kunitukana.

Machimbo yenyewe ni kama bakuli. Wachimbaji walikata mawe ngazi kwa ngazi, wakaondoka, na sasa ngazi zile ndizo viti. Ukidondosha kisoda pale chini, aliyekaa juu kabisa anakisikia. Mwalimu wetu alikuwa mzee mwembamba tuliyempa jina la Bwana Pumzi, maana kila kosa alilitibu kwa dawa moja, vuta pumzi. Umesahau maneno, vuta pumzi. Umekanyaga mwenzako, vuta pumzi. Nilimwambia kwetu wodini mtu wa namna hiyo tungemwekea oksijeni tumalize kazi.

Siku ya pili akatufundisha kwamba Wagiriki wale hawakuua mtu mbele ya watazamaji. Kifo kinatokea ndani, nyuma ya mlango, halafu anatoka mjumbe na kukisimulia. Nikacheka peke yangu.

"Unacheka nini, Sista?"

Nikamwambia. Kwa miaka thelathini na moja kila mgonjwa wangu aliyekufa alifia nyuma ya pazia la kijani, na aliyetoka kwenda kwa ndugu waliokaa kwenye benchi la korido alikuwa mimi. Kumbe kazi yangu ina jina. Bwana Pumzi akanipa nafasi ya mjumbe palepale.

Mchezo aliutunga mwenyewe kwa kufuata kanuni zao. Kuna mama anayelinda lango la mji, mwanawe amekwenda vitani, naye kila siku analiacha lango wazi akimngoja. Kuna waitikiaji kumi na wawili, ndio watu wa mji, wanaimba na kuhofu kwa pamoja. Mjumbe anafika, ana mistari arobaini, basi. Mama wa lango alikuwa fundi cherehani, mwanamke mpole mwenye tabia ya kukupima mabega kwa macho huku anazungumza nawe.

Siku ya mazoezi nikaingia. Viatu vyangu ni vya mpira, vya zamu ya usiku, hakuna aliyenisikia. Nikamsogelea fundi, nikamwambia, "Naomba tukae kwanza, mama," maneno ambayo hayamo kwenye karatasi. Fundi akatafuta jiwe, akakaa. Nikamshika mkono, nikashusha sauti. "Mwanao hali yake haikuwa nzuri sana." Watu wa mji wote kumi na wawili wakawa wamerefusha shingo wasikie. Mwalimu wa udereva, aliyekuwa kiongozi wao, akauliza kwa upole mgonjwa amelazwa wodi gani. Walicheka mpaka wakashikana.

Bwana Pumzi hakucheka. "Mstari wako wa kwanza unasemaje?"

"Mama wa lango, mwanao amekufa."

"Na wewe umesema nini?"

Nikatazama viatu vyangu vya mpira.

"Mjumbe hazunguki mbuyu, Sista. Hakalishi mtu. Anafika na pumzi nusu, analisema, halafu anasimulia chote alichokiona. Anayengoja ana haki ya kila kitu."

Nilimchukia siku nzima. Atanifundisha yeye kutoa habari ya msiba? Sisi tuna utaratibu wetu. Kwanza kiti, kisha mkono, kisha habari kwa kijiko kama dawa chungu, unauma na kupuliza. Sijawahi kuangusha ndugu wa mgonjwa hata mmoja. Lakini ukweli ni kwamba kila nilipoingia wiki ile, mkono wangu ulikwenda wenyewe kutafuta mkono wa fundi, na kabla ya ule mstari wa kwanza nilishamwambia tukae. Ijumaa Bwana Pumzi akasema ikifika Jumatatu bado nawakalisha watu, nafasi itakwenda kwa mwalimu wa udereva, ambaye habari zote, nzuri na mbaya, anazitoa kwa kelele.

Mchana ule tulikula pamoja mimi na fundi, kwenye ngazi ya pili, penye kivuli.

"Nikuambie kitu, usikasirike," akasema.

"Sema."

"Ukinishika mkono, nishajua. Basi kazi ya kuniambia unaniachia mimi. Najiambia mwenyewe, humu kichwani, na wewe umekaa hapo unaniangalia."

Sikukasirika. Niliweka kijiko chini, nikamweleza habari za dada.

Mama alikufa alfajiri, nikiwa naye. Saa moja asubuhi nikampigia dada, anakaa mbali, safari ya saa tisa kwa basi. Nikamwambia wanalosema watu wote: mama hali yake si nzuri, njoo. Nilidhani namwokoa. Mtu aangue kilio peke yake kwa saa tisa, kwenye kiti cha dirishani, katikati ya watu asiowajua? Basi dada akaja. Njiani basi lilisimama, akanunua zabibu, mama alizipenda, na akaziosha kabisa kwenye bomba la kituo ili mama azile akifika tu. Alipofika nyumbani akaona viatu. Viatu vya watu, jozi kwa jozi, kutoka mlangoni mpaka njiani. Hakumuuliza mtu. Alisimama pale na mfuko wa zabibu unadondosha maji. Siku ya tatu baada ya mazishi akaniambia, "Njia nzima nilikuwa nazungumza na mama. Nilikuwa napanga nitamwambia nini. Ukaniacha nizungumze na maiti saa tisa nzima." Ndiyo mara ya mwisho niliyoisikia sauti yake.

Kulikuwa na jambo jingine la alfajiri ile. Hilo sikumwambia fundi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Fundi hakunifariji. Alifunga bakuli lake la chakula, akapangusa mikono. "Basi Jumatatu uniambie nikiwa nimesimama," akasema.

Jioni nikamwandikia dada ujumbe. Nilimweleza siku, saa na mahali, nikaandika kwamba naigiza na ningependa aje. Zikatokea alama mbili za bluu. Ameusoma. Nilikaa na simu mkononi mpaka binti yangu akaninyang'anya, akanipa viazi nimenye.

Jumatatu niliingia mbio, mikono nimeifunga nyuma mimi mwenyewe, kidole kwa kidole. Fundi alisimama wima langoni. "Mama wa lango, mwanao amekufa." Sauti ikagonga mwamba ikanirudia. Fundi hakuanguka. Alibadilika uso kidogo, halafu akaniuliza lile swali lake la kwenye karatasi, "Nani alikuwa naye?" nami nikamjibu, "Mimi." Baada ya hapo mistari mingine ilitoka yenyewe. Bwana Pumzi hakunisifu, alisema tu tuendelee, lakini mwalimu wa udereva alikuja kunipa mkono na kuniambia nimemkosesha kazi.

Siku ya onyesho ilikuwa saa kumi alasiri, kwa sababu machimbo hayana taa. Vinyago tulivitengeneza wenyewe kwa magazeti na gundi ya unga. Kinyago cha mjumbe kina matundu mawili madogo, unaona mbele tu, ukitaka kuona pembeni lazima ugeuke mwili mzima kama mwenye shingo mbovu. Kabla ya kukivaa nilichungulia nyuma ya mwamba. Binti yangu alikuwa ngazi ya tatu, na pembeni yake ameweka mkoba kumshikia mtu nafasi. Waitikiaji wakaanza kuimba, mkoba bado upo palepale. Nikajiambia basi, hakuja, na usimlaumu.

Zamu yangu ikafika. Nikaingia mbio, nikasimama, nikainua uso. Bwana Pumzi alitufundisha mjumbe husema na ngazi ya juu kabisa, la sivyo wa juu hawasikii. Na ngazi ya juu kabisa, karibu na njia ya kutokea, alikuwa amekaa dada yangu. Peke yake. Mkoba mapajani, mikono yote miwili juu ya mkoba.

Nisingeweza kutazama kwingine, matundu yenyewe yalikuwa yananielekeza kwake. Nikavuta pumzi. "Mama wa lango, mwanao amekufa. Sikai, wala sikukalishi. Nilikuwepo."

Nikaendelea. Nikasema ilikuwa saa ngapi, na upepo ulikuwa wa wapi, na nani alimshika kichwa, na maji aliyokunywa yalikuwa kiasi gani. Machimbo yote yalikuwa kimya, hata watoto waliokuja na wazazi. Nilipofika kwenye mstari unaosema yule kijana hakuulizia vita, aliuliza tu kama lango bado liko wazi, maneno yalinikatika. Nilisimama hapo sijui kwa muda gani. Kisha yakarudi, nikamaliza. Baadaye Bwana Pumzi alikisifu sana kile kimya, akasema hatimaye nimejifunza pumzi. Sikumsahihisha.

Watu walipiga makofi, wakashuka kupongezana. Binti yangu alinikumbatia, halafu akaangalia juu, akaona, akaniachia. Nikapanda. Ngazi za wachimbaji si za magoti ya muuguzi, nilipanda kwa kituo, kinyago kwapani. Dada hakuinuka na hakushuka kunipokea. Alikuwa amepungua. Nilitamani nimpime presha.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Aliangalia kile kinyago, akaniangalia mimi. "Niambie na mimi," akasema.

Pembeni yake palikuwa na nafasi, ila aliuhamishia mkoba pale. Mkono wangu ulikuwa tayari uko njiani kwenda kwake. Nikaurudisha, nikaifunga yote miwili nyuma, nikabaki nimesimama.

"Mama amekufa," nikasema. "Alikufa saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, kitandani kwake, nikiwa naye. Jioni iliyotangulia nilimpima mwenyewe nikajua ana siku tatu, ndiyo maana sikukuita. Nilikosea. Miaka thelathini ya kazi, na kwa mama yangu nikakosea. Saa tisa usiku alianza kusema anasikia joto, akatupa blanketi. Nikampa maji kwa kijiko, akanywa vijiko viwili. Akakuulizia. Nikamwambia nitakupigia asubuhi. Akakuulizia tena, nikamwambia uko njiani. Simu nilikuwa hata sijaishika. Mara ya tatu nikamwambia umefika, uko mlangoni unavua viatu."

Sauti haikuwa ya mjumbe tena, ilikuwa inatoka vipande vipande, lakini sikuiacha.

"Akageuza uso kuelekea mlangoni. Akafa hivyo, anauangalia mlango. Nilipokupigia, dada, nilikuwa nimeshamdanganya yeye. Wewe ulikuwa wa pili."

Chini kule mwalimu wa udereva alikuwa anakusanya mito ya kukalia na kuhesabu kwa sauti. Dada aliangalia viatu vyake. Mimi sikumsaidia kwa neno lolote.

"Aliamini?" akauliza.

"Aliamini. Alijisogeza, ili upate pa kukaa."

Akafumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha. "Kwa hiyo kwake nilifika," akasema.

"Ulifika."

Alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akajifuta uso mzima taratibu kama mtu anayeosha chombo cha thamani. Halafu akauchukua ule mkoba kutoka kwenye jiwe, akaurudisha mapajani.

"Marahaba," akasema. "Sasa kaa."

Nikakaa.