Kikapu cha Mayai na Bolti Zilizolia

Katika likizo ya Agosti, mwaka wa 1953, kuku wa Kililana walipata hasara ambayo historia haitaitaja, kwa sababu mwanahistoria pekee aliyekuwepo ni mimi, na aliyesababisha hasara ni mimi pia.

Binamu yangu Mselem alikuwa amepata pikipiki kuukuu ya bwana mpima ardhi aliyehamishwa. Alitaka jambo moja tu duniani: kazi ya kubeba mayai kutoka mashamba ya Kililana hadi gatini Mokowe, yavushwe kwenda kisiwani Amu. Kazi hiyo ilikuwa ya Famau na punda wake. Mwenye kuitoa alikuwa Bwana Abdulghafur, mwenye duka Amu, naye alikuwa ametoa hukumu yake.

"Ijumaa asubuhi nitavuka mwenyewe. Niletee kikapu kimoja kwa hicho kidude chako. Yakifika mazima, kazi yako. Yakifika uji, rudi kwa babako ukachonge mbao."

Zilikuwa siku za harusi, na mkate wa mayai haupikwi kwa maganda. Mselem naye angekunywa maji ya bahari kuliko kushika tena tezo ya kuchongea mbao.

Jumanne akagonga kisiki cha mkoma. Gurudumu likawa latazama Mokowe, usukani watazama Mkunumbi. Akaniita mimi, kwa kuwa nilikuwa nasoma skuli ya bweni Mombasa na nilikuwa nimemweleza, bila kuulizwa, kwamba najua mashine.

Nilizunguka pikipiki mikono ikiwa nyuma, kama mkaguzi wa skuli. Mbele ina miguu miwili yenye springi ndani; gurudumu likiingia shimoni, miguu hujikunja na kumeza kishindo. Juu, miguu hiyo hushikwa na vibano viwili vya chuma vyenye bolti. Bolti zilikuwa zimelegea. Ugonjwa nikaujua, na dawa nikaijua.

Sisi ni ukoo wa mafundi wa vyombo vya baharini. Kwetu kitu kilichosogea hukazwa papo hapo kabla hakijasogea tena. Ubao wa jahazi ukiacha mwanya hauulizwi ulikuwa ukienda wapi. Hubanwa mpaka ulie. Basi niliunyoosha usukani kwa jicho, nikavika bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu zaidi, nikakaza bolti za vibano kwa uzito wangu wote na wa mababu zangu.

Zikalia.

"Umesikia?" nikamwambia Mselem. "Hazitasogea mpaka siku ya kiyama."

Hapo nilisema kweli.

Jumatano tukafanya majaribio. Mselem aliendesha, mimi nikakaa nyuma nimekumbatia kikapu cha mayai ya Bi Hadia, jirani yetu wa shamba, yakiwa yamelazwa juu ya makumbi ya nazi. Famau alikuwa amesimama kando na punda wake.

"Wasomi! Yeo mwapanda chuma?"

"Ndia ni ya wote, Bwana Famau," nikamjibu kwa sauti ya hakimu anayegawa barabara.

Shimo la kwanza lilitusubiri mbele kidogo. Miguu haikujikunja hata unywele. Kishindo kilipanda kwenye mikono ya Mselem, kikashuka mgongoni kwake, kikaniingia mimi, na mimi, kwa uaminifu mkubwa, nikakifikisha kikapuni. Mashimo yaliyofuata yalimaliza kazi. Tuliposimama, shati langu la skuli lilikuwa mkate wa mayai uliokosa sukari na moto tu.

"Punda wangu hana bolti!" Famau akapiga kelele kwa furaha.

Bi Hadia akaja, akatazama kikapu, akanitazama.

"Mwanangu, huko skuli wawafundisha nini?"

"Sayansi, Bi Hadia."

"Basi isome mbali na kuku wangu."

Mselem aliketi chini. Nadhani alikuwa ameanza kusikia harufu ya mbao. Nami nikalegeza bolti zote nione kama nimevunja kitu, kisha nikauegemea usukani kwa huzuni. Mbele ya pikipiki ikashuka taratibu, ikapanda tena.

Mselem akainua kichwa. "Rudia."

Nikarudia. Ikashuka, ikapanda, laini kama godoro la bibi harusi.

Hapo tukaelewa. Kisiki kilikuwa kimepotosha miguu, mmoja umeenda upande. Mimi nilinyoosha usukani tu, kisha nikaubana upotofu wenyewe kwa nguvu za ukoo mzima. Miguu iliyopishana hukwama kama mtoto wa meza anayesukumwa upande. Bolti zilipolegea, kila mguu ulirudi mahali pake.

"Basi tuziache zimelegea," nikatangaza.

Mselem, Mungu amlipe, aliniamini tena. Alikata usukani kulia. Gurudumu likaendelea kushoto, likampeleka katika mihogo ya Bi Hadia.

Alitoka huko na majani ya mihogo kichwani. Alilichukua bomba langu, akalitupa kichakani. Akalegeza bolti, akanyoosha gurudumu, akaikandamiza mbele mara kadhaa mpaka miguu ikatulia. Kisha akakaza kwa spana tupu, upande huu kidogo, upande ule kidogo, na kila akikaza hukandamiza tena kusikia kama miguu bado yateleza.

"Nikusaidie nini?" nikauliza.

"Shika kitambaa. Kwa mikono miwili."

Ijumaa, gatini, Bwana Abdulghafur aliinua kila yai juani. Mselem alikuwa amesimama kama anayesubiri kusomewa kifungo. Yai moja likaonekana na ufa.

"Na hili?"

"Hilo lilitagwa hivyo, Bwana," nikasema.

Mselem akanikanyaga. "Limepasuka ndiani, Bwana. Pale kwenye mizizi nilikwenda mbio."

Bwana Abdulghafur akaliweka kando. "Famau huniletea nusu ya kikapu imepasuka, na kila siku kosa ni la kuku. Kesho nataka vikapu viwili." Kisha akanielekea mimi. "Na huyu ndiye fundi wako?"

"La, Bwana. Huyu arudi skuli Jumapili."

"Alhamdulillahi," akasema Bwana Abdulghafur, na sijapata kumsikia mtu mzima akiishukuru elimu ya bweni kwa moyo mkunjufu namna ile.